Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Kitabu cha Kuchagua Kazi na Makosa Yetu Waalimu

Wasomaji, wazee wetu wa pwani walikuwa mabaharia, nao walituachia methali isemayo, Usisafirie nyota ya mwenzio. Maana yake yajulikana: mtu asitweke tanga kwa kutegemea bahati ya mtu mwingine, kwani pepo zilizomfikisha yule salama huenda zikamzamisha huyu. Methali hii huambiwa kijana apendaye kuiga. Leo nataka kuigeuza, niwaambie wakubwa, yaani wazazi na waalimu. Maana mara nyingi ndio sisi tunaompandisha kijana chomboni, tukamwonyesha nyota tuliyoichagua wenyewe, kisha tukabaki ufukoni tukipunga mkono.

Kila mwaka jambo hili huja mlangoni petu. Mtoto amefika Kidato cha Nne, naye yampasa kujaza fomu na kutaja tahasusi atakayoisoma akifaulu, ama chuo atakachokwenda. Huko Kenya nako, wanafunzi wa mtaala mpya walioingia Gredi ya 10 mwaka 2026 walitakiwa kushika moja katika njia tatu: ya sayansi, ufundi na hisabati, ya elimu ya jamii, au ya sanaa na michezo. Mtoto huyu ana miaka 15, au 16, au 17. Je, ni nani amsaidiaye? Baba amesikia ya kuwa mtoto wa jirani alisoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, na sasa ana nyumba ya bati mjini. Basi wa kwake naye asome hayo. Mwalimu ana vipindi vingi na madaftari ya kusahihisha. Shauri hutolewa kwa dakika tano, watu wamesimama, na mtoto huitika, Ndiyo, mwalimu. Kazi ya maisha imekwisha kukatwa, kama nguo iliyokatwa na fundi asiyempima mwenyewe.

Kwa ajili hiyo nimeona yafaa kukipima mbele yenu kitabu kimoja ambacho wengi hukitaja kuwa chanzo cha kazi hii ya kuwashauri vijana. Jina lake kwa Kiingereza ni Choosing a Vocation, yaani Kuchagua Kazi, nacho kilichapishwa Boston, Marekani, mwaka 1909. Mtungaji wake ni Frank Parsons. Nimekisoma polepole kwa muda wa likizo, tena nimekisoma kama mtu mwenye deni, kwa sababu nitakayoieleza hapo mbele.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Parsons alizaliwa mwaka 1854 katika jimbo la New Jersey. Akasomea uhandisi, akafanya kazi ya reli. Kazi ile ikavunjika, naye akashika kazi ya mikono. Kisha akawa mwalimu wa shule, kisha akasoma sheria, akawa mwanasheria na mwalimu wa sheria. Akaandika vitabu vya siasa na mambo ya fedha. Mwaka 1895 akagombea umeya wa Boston, akashindwa. Mwaka 1897 akaenda Kansas kufundisha katika chuo cha kilimo, na mwaka 1899 akaondolewa pamoja na wenzake siasa za huko zilipogeuka. Mtu huyu, aliyetangatanga hivi katika kazi, ndiye aliyefungua ofisi ya kuwashauri vijana juu ya kazi, huko Boston, Januari 1908. Ofisi hiyo ilikuwa katika mtaa wa North End, uliojaa watu waliohamia kutoka Italia na Urusi na nchi nyingine za Ulaya, nayo ilisaidiwa kwa fedha ya mama mmoja tajiri, Pauline Agassiz Shaw. Parsons hakuiona miaka yake mingi. Alifariki Septemba 1908, kabla mwaka wa kwanza haujatimia, na rafiki yake Ralph Albertson ndiye aliyeyapanga maandiko yake yakawa kitabu. Hata hivyo mbegu ilikwisha kuota: mwaka 1913 washauri wa kazi wa Marekani walikuwa na chama chao cha nchi nzima.

Sasa kitabu chenyewe chasema nini? Kiini chake ni mambo matatu, nayo ni mepesi kukumbuka. La kwanza, kijana ajijue mwenyewe: afya yake, akili yake, anayoyapenda, anayoyaweza, tabia yake, na mipaka yake. La pili, azijue kazi: kila moja yataka nini, yalipa nini, ina matumaini gani na taabu gani. La tatu, ayalinganishe mawili hayo kwa fikira za kweli, wala si kwa tamaa wala kwa kuiga. Parsons huuweka uchaguzi wa kazi karibu sana na uchaguzi wa mume au mke kwa ukubwa wake, akashangaa kuona watu wakiufanya ovyo, kama mtu aokotaye ukuni njiani.

Katika hayo ninamsifu kwa mambo matatu.

Alikuwa na saburi. Hakuridhika na kumtazama kijana mara moja. Alimpa orodha ndefu ya maswali, ayajibu kwa maandishi: wazazi wako hufanya kazi gani, umesoma vitabu gani, siku ya mapumziko huitumiaje, fedha yako huipeleka wapi, rafiki zako husema nini juu yako. Kisha huketi naye kwa mazungumzo marefu. Ni nani katika sisi aliyepata kumwuliza mtoto siku yake ya mapumziko huitumiaje? Nasi tungeuliza tungejua mengi; kwa maana mtoto anayejifungia kutengeneza redio iliyovunjika, na yule anayekwenda kumchotea maji bibi asiyeweza kutembea, wamekwisha kujieleza bila maneno.

Pili, aliheshimu maarifa ya kazi. Aliona ya kuwa haitoshi kumwambia mtu, Fanya upendalo. Kwanza yampasa ajue lile apendalo ni kitu gani. Watoto wetu huijua kazi ya mwalimu, ya muuguzi, ya askari na ya dereva, kwa kuwa ndizo wanazoziona. Kazi ya mpimaji wa ardhi, ya fundi wa maabara, ya mtunza mizinga ya nyuki kwa biashara, ya mkalimani wa lugha ya alama, hawazijui hata kwa jina. Mtu hawezi kuchagua asichokijua.

Tatu, na hili ndilo kubwa, alishikilia ya kuwa mshauri hana ruhusa ya kuamua. Huuliza, huonyesha, huonya. Lakini neno la mwisho ni la kijana. Sisi tumelea watoto katika utii, na utii ni jambo jema. Lakini kuna mahali ambapo utii wa mtoto ni hatari kwake, na hapa ndipo. Mtoto akitii katika jambo la kufagia darasa, hasara haipo. Akitii katika kazi ya miaka 40, na mwamrishaji hakumjua, hasara yake ni nani atakayeilipa?

Basi sifa zake ndizo hizo. Sasa nifike penye doa, maana doa lipo.

Katika kitabu hicho Parsons asimulia habari za vijana waliomjia. Mmoja alitaka kuwa daktari. Alikuwa mwembamba, mashavu yamebonyea, macho hayana uchangamfu. Wala hakutabasamu hata mara moja katika mazungumzo ya zaidi ya saa mbili. Alipoulizwa alikiri ya kuwa afya yake si nzuri na kumbukumbu yake ni dhaifu. Parsons akamwekea mbele yake mfano wa watu wawili wanaotaka udaktari, mmoja mwenye nguvu, uso mkunjufu na kumbukumbu njema, wa pili asiye na hayo, akamwuliza ni yupi atakayefaulu. Kijana mwenyewe akajibu kama ilivyotazamiwa. Ndipo akaelekezwa kwenye kazi isiyotaka kuonana sana na watu, kama kufuga, akaambiwa aende kuyatazama mashamba ya mifugo.

Hapa msomaji mwenye haki atasema maneno mawili. La kwanza: shauri lenyewe huenda lilikuwa jema, na ule mfano wa watu wawili ni werevu, kwa kuwa ulimfanya kijana ajihukumu mwenyewe, tena kuambiwa akaone kwa macho yake ni jambo la maana. La pili: masimulizi yakaa zaidi juu ya uso wa kijana kuliko juu ya sababu za uso ule. Parsons mwenyewe akiri ya kuwa alipokuwa akimwuliza mtu, huku alitazama umbo la kichwa chake, mbele na nyuma ya masikio. Hiyo ilikuwa elimu ya siku zake, na wataalamu wamekwisha kuitupa. Tabia ya mtu haipimwi kwa fuvu. Lakini mazoea yale ya kuhukumu kwa sura hayakutupwa pamoja nayo. Yangali yanaishi, hata katika ofisi za shule za vijijini. Nami nitoe ushahidi, kwa maana hili ndilo deni nililotaja.

Miaka kadhaa imepita tangu nilipofundisha kijana mmoja, mtoto wa mkulima, aliyetaka kuwa muuguzi. Alama zake za Baiolojia na Kemia zilikuwa za kutosha. Lakini alikuwa mtoto wa kimya. Hakutazama watu usoni, na mara nyingi alisinzia katika kipindi cha kwanza. Siku ya kujaza fomu alinijia, nami nikamwambia, nikiwa nimesimama na chaki mkononi, Uuguzi wataka mtu mchangamfu. Wewe hulali vizuri hata darasani waonekana, utakeshaje na wagonjwa? Nenda chuo cha ufundi ukajifunze kuchomelea vyuma; vyuma havihitaji maneno. Nilidhani nimesema jambo la hekima. Naye akasema, Ndiyo, mwalimu, akaenda.

Baada ya muda nilikwenda kijijini kwao kuhani msiba wa baba yake. Mama yake, bila kujua ananichoma, akanihadithia ya kuwa marehemu aliugua miaka mitatu, na ya kuwa mwaka ule wa mwisho wa shule ni yule kijana aliyekesha naye, akamgeuza kitandani, akamwosha, akampa dawa kwa saa zake. Na alfajiri alikwenda shule. Basi ule usingizi nilioutumia kumhukumu kuwa hafai uuguzi, ndio uliokuwa cheti chake cha uuguzi. Niliusoma uso, nisiisome sababu. Parsons huenda alikosa baada ya saa mbili. Mimi nilikosa kwa dakika tano.

Kosa la pili la kitabu ni kumpima mtu kana kwamba amesimama. Kijana huwekwa katika kitanga kimoja cha mizani, na kazi katika kitanga cha pili. Vikilingana, mambo yamekwisha. Lakini mtu hukua, na kazi nazo hubadilika. Waliomfuata Parsons waliliona hilo. Mwaka 1957 Donald Super alitoa kitabu kilichoonyesha ya kuwa kazi ya mtu ni safari ya maisha yote, yenye vipindi vyake: kukua, kujaribu, kushika mizizi, kudumisha, na kupungua, na kijana wa miaka 16 yumo katika kipindi cha kujaribu, si cha kufunga mkataba. John Holland, mwaka 1959, alizigawa tabia za watu na mazingira ya kazi katika namna sita: wapenda vyombo na kazi za mikono, wapenda kuchunguza, wapenda sanaa, wapenda kuhudumia watu, wapenda kuongoza na kuuza, na wapenda taratibu na hesabu. Mgawanyo huo una faida, nami nimeutumia kuwaeleza wanafunzi. Lakini ni kama vyungu sita vya kupimia, na mtoto si nafaka. Hujaza kidogo hiki na kidogo kile. Hata John Krumboltz na wenzake, mwaka 1999, waliandika ya kuwa mambo yasiyotazamiwa yana nafasi kubwa katika kazi za watu, basi mshauri amfundishe kijana kuwa mdadisi, mvumilivu, mwepesi wa kugeuka na asiyeogopa kujaribu, ili bahati ikipita aikamate.

Lakini shahidi mkubwa juu ya jambo hili ni Parsons mwenyewe. Kama angaliulizwa maswali yake yote alipokuwa na miaka 18, ni mshauri gani angaliandika chini ya karatasi, Huyu atakuwa mhandisi, kibarua, mwalimu, mwanasheria, mgombea umeya, na mwisho atafungua ofisi ya kazi ambayo leo haina hata jina? Kitabu chake chataka kuwaokoa watu na kutangatanga, wala sikatai, kutangatanga kuna hasara nyingi. Lakini ni kule kutangatanga kulikomfundisha kazi zilivyo. Angalituambia hayo, kitabu chake kingalikuwa na huruma zaidi.

Kosa la tatu ndilo litakaloonekana mara moja na msomaji wa kijijini. Kijana wa kitabu hiki huja ofisini peke yake. Ana wazazi, naam, nao huulizwa habari zao katika orodha. Lakini huulizwa kama sehemu ya maelezo yake, si kama watu wenye haki ya kuketi. Kwetu mtoto haendi shule peke yake. Ada yake ni ng'ombe wa babu, ni mahindi ya mama, ni mshahara wa mjomba aliyeko mjini. Watu hao wote wamo katika fomu ile, ingawa majina yao hayakuandikwa. Mshauri akimfundisha kijana kuamua bila wao, amemtia katika ugomvi nyumbani. Akiwaachia wao waamue bila kijana, amemtia katika kifungo. Kazi yake ni kuwakutanisha, na kitabu hakituonyeshi njia ya kufanya hivyo. Hapo lazima tuitafute wenyewe, nasi tunazo desturi za baraza zinazoweza kutusaidia.

Tena kuna jambo la kazi zenyewe kuwapo au kutokuwapo. Wazee wetu wamezoea kumwambia kijana, Mchagua jembe si mkulima. Ni methali ya kweli kwa mvivu. Lakini isitumiwe kumfunga kinywa mtoto mwenye akili. Mwaka 1965 Philip Foster, aliyechunguza shule za Ghana, aliandika ya kuwa ni kosa kudhani ya kwamba tukiweka masomo ya kilimo na ufundi shuleni, vijana wataacha kutamani kazi za ofisini. Vijana hawakupotoshwa na vitabu. Wanatazama fedha na usalama viko wapi, nao wanapiga hesabu sawasawa. Kijana aliyeona baba yake akivuna magunia mengi, bei ikaanguka, mahindi yakaliwa na fukusi ghalani, halafu akaona karani akipokea mshahara mvua inyeshe isinyeshe, huyo hakudharau jembe. Amehesabu. Basi tukitaka achague kilimo, tumwonyeshe kilimo chenye hesabu njema: mkulima wa mboga mwenye maji ya kumwagilia, mfugaji mwenye soko la maziwa. Kumtukana hakuzai mkulima.

Parsons hakuwa kipofu katika jambo hili. Vitabu vyake vingine vyaonyesha ya kuwa alichukia dhuluma za matajiri na umaskini wa wafanya kazi. Ajabu ni hii, ya kuwa katika kitabu chake cha kuchagua kazi mzigo mwingi umewekwa mabegani mwa kijana: ajirekebishe sauti, ajizoeze kutabasamu, anoe kumbukumbu. Hayo ni mema. Lakini kijana mwenye tabasamu na kumbukumbu, asiye na nauli ya kwenda kwenye usaili, atabaki nyumbani akitabasamu.

Je, nimekikataa kitabu? Sivyo. Yale mambo matatu ya Parsons ni kama mafiga matatu: hayapiki yenyewe, lakini bila hayo chungu hakikai. Nami tangu nikisome nimejaribu kufuata taratibu hii, ambayo nawapa wenzangu waalimu, na wazazi pia, waijaribu na kuisahihisha.

Kwanza, tusingoje siku ya fomu. Mazungumzo yaanze mwaka mzima mbele, na kila mtoto awe na daftari dogo ambamo aandika mwenyewe: jambo nililolifanya mwezi huu nikasahau njaa, jambo lililonichosha kabla sijalianza, kazi niliyomwona mtu akiifanya nikatamani kuuliza.

Pili, kabla ya kumhukumu mtoto kwa hali yake ya darasani, tuulize habari za nyumbani. Anaamka saa ngapi? Analala na nani? Anatembea maili ngapi? Kuna mgonjwa? Usingizi, ukimya na uchafu wa nguo ni maswali, si majibu.

Tatu, mtoto aende akaone. Siku moja katika karakana ya seremala, au zahanati, au kwa fundi wa pikipiki, yampa mafunzo kuliko hotuba zangu kumi. Amwulize fundi maneno matatu: ulijifunzaje, wapata nini, na jambo gani katika kazi hii hukuambiwa ulipoianza?

Nne, wazazi na walezi waitwe, nao waketi pamoja na mtoto, naye asemapo wasimkatize. Mwalimu awe kama mshika mizani sokoni: aishike isitikisike, asitie kidole.

Tano, mlango wa pili uachwe wazi. Mtoto aandike lile analolichagua, na chini yake aandike lile atakalolifanya la kwanza likishindikana, bila aibu. Aliyekosa nafasi ya tahasusi aweza kupitia chuo cha ufundi au cha afya, na aliyepitia chuo aweza baadaye kuendelea. Njia ndefu nayo ni njia.

Mtu atauliza, Waalimu wataupata wapi wakati wa kufanya hayo? Ni swali la haki. Darasa likiwa na watoto 80, saa mbili kwa kila mmoja haziwezekani. Lakini nusu saa yawezekana, tukigawana. Na daftari la mtoto hufanya kazi mwalimu amelala. Wala kazi hii si ya mwalimu pekee. Muuguzi wa zahanati, bwana shamba, fundi mwashi, mama mwenye duka, kila mmoja aweza kuwa kitabu kwa mtoto, akiombwa kwa heshima.

Nimalize habari ya yule kijana, maana najua mtataka kuijua. Nilikutana naye mwaka jana mnadani. Aliacha kuchomelea vyuma kwa sababu ya macho, na sasa ana kibanda cha kuuza vyombo vya nyumbani. Akanishikia mkono kwa adabu, Shikamoo, mwalimu. Nami nikaitika, Marahaba, kwa sauti ndogo. Nikamwambia ya kuwa nilimkosea, nikamweleza na sababu. Akanyamaza kidogo, kama alivyokuwa akinyamaza zamani, kisha akasema, Mwalimu, wewe ulisema, nami sikujua kuwa yaruhusiwa kukujibu. Hakusema kwa uchungu. Laiti angalisema kwa uchungu ningaliona nafuu.

Halafu akaniomba jambo moja. Ana mdogo wake wa kike, anamaliza Kidato cha Nne mwaka huu, na nyumbani wameanza kubishana: mjomba ataka awe mwalimu, mama ataka akae karibu, mtoto mwenyewe hajaulizwa. Je, ningekuja? Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Nikaketi juu ya mkeka pamoja na mama, na mjomba, na kaka yake, na binti mwenyewe. Nilikuwa na daftari jipya, nikampa yeye alishike. Swali langu la kwanza lilikuwa hili: Mwanangu, tangu kupambazuka jana hata ulipolala, ulifanya nini? Alianza kwa woga. Tulikunywa chai, ikapoa, tukapashiwa nyingine, naye alikuwa angali akisema. Kazi atakayoishika bado hatujaijua, wala haraka haipo. Lakini mjomba wake, aliponisindikiza njiani, aliniambia ya kuwa ameishi na binti yule miaka minane, na mambo mengi aliyoyasikia mchana ule hakupata kuyasikia.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kitabu cha Parsons ni hii. Anayetaka kukitumia kama mzani wa kupimia watoto, akiache, kwa maana mawe yake mengine si sahihi. Anayetaka kujifunza kuuliza, kusikiliza, na kuzuia ulimi wake usiamue jambo la mwingine, akisome. Na mwenye mtoto nyumbani, asome asisome, asingoje. Ajioni aketi naye, amwulize, kisha anyamaze asikie.